Cobb Asiyekuwa na Jina: Tunamuaga Bi Denise wa Posta ya Marlcombe

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kupeleka barua katika kijiji cha Marlcombe, Dorset, Bi Denise Cobb anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Aprili. Ametumikia kwa miguu, kwa baiskeli, na baadaye kwa gari jekundu ambalo breki zake zilimtii yeye peke yake. Ameng'atwa na mbwa wa kila ukoo na kunyeshewa na kila aina ya mvua tuliyo nayo. Kamati ya wafanyakazi imeniomba niandike wasifu wake kwa heshima na kwa ufupi. Heshima nitajitahidi.

Kwa wasomaji wa jarida hili walio ofisi nyingine, naomba mjue hali yetu. Marlcombe ukirusha jiwe bila kuangalia litampata Cobb, na atakayetoka nje kukufokea ni Cobb mwingine. Mwoka mikate ni Cobb. Mganga wa mifugo ni Cobb. Anayeandika haya ni Cobb. Watu wa mbali hutuletea barua zilizoandikwa "Bw. Cobb, Marlcombe" wakidhani wametuambia kitu.

Ndiyo maana kila Cobb hapa ana jina la utani, na ndilo jina lake hasa. Hulichagui, wala hupewi na wazazi. Unalipata siku unapoboronga jambo mbele ya watu, mtu akakupigia kelele barabarani, na kijiji kizima kikaitikia. Mzee Arthur Cobb wa Bwawani anaitwa Jumanne kwa sababu alikwenda kanisani kuoa siku ya Jumanne, akaketi benchi la mbele na ua kifuani akimlaani bibi harusi kwa kumtoroka, na harusi ilikuwa Jumamosi. Mzee Walter Cobb wa Kilimani anaitwa Mbuzi, maana siku ya ukungu alimvulia mbuzi kofia na kumuuliza habari za kasisi, akidhani amekutana na mke wa kasisi. Mimi naitwa Ngazi, na habari ya ngazi tuiache ilipo.

Jina hilo huandikwa kwenye bahasha, hutangazwa kanisani, na mwisho wa yote huchongwa kwenye jiwe la kaburi. Asiyekuwa nalo ni mgeni, hata akizeekea hapa.

Bi Denise alikuja na jina la Cobb kutoka kwao Derby, ambako familia yao ilikuwa peke yake mtaa mzima kwa jina hilo. Baba yake alikufa bila kumwona Cobb asiyekuwa wa nyumbani kwake. Kwa hiyo binti alipoona nafasi ya kazi katika kijiji kilichojaa akina Cobb, aliomba siku hiyo hiyo, akafunga sanduku lake, akaja kwa ndugu. Tulimpokea vizuri. Tulimpa chai, tukamwonyesha njia za mkato, na tukamweleza kwa upole kwamba yeye si Cobb wa kwetu.

Siku ya kwanza hiyo hiyo alikanyaga moto bila kujua. Aliulizwa nini maana ya jina lake, naye akajibu kwa furaha kwamba kwao Derby kila mtu anajua: ni skonzi. Skonzi gumu la duara, la kutiwa nyama katikati. Babu wa babu yake alikuwa mwokaji.

Kicheko kilisikika hadi bwawani. Hapa maana ya Cobb si jambo la mzaha, kwa kuwa neno "cob" la Kiingereza lina maana nyingi na kila ukoo una yake. Akina Cobb wa Bwawani wanashikilia kwamba ni batamaji dume, yule mweupe mwenye shingo ndefu na dharau. Akina Cobb wa Kilimani wanasema ni kuta za udongo na majani makavu, ambazo mababu zao walizijenga na ambazo bado tunalala ndani yake. Wa Zizini wanasema ni farasi mfupi mwenye miguu minene, na ukiwatazama huwezi kuwabishia sana. Bi Harriet Cobb, mwalimu mstaafu, anasema wote ni wajinga, jina limetoka kwa Yakobo wa kwenye Biblia. Palikuwa na kaya moja iliyosema ni buibui, lakini hao walihamia Poole.

Kila mwaka baada ya Pasaka tunakuwa na Jumapili ya Cobb. Tunakutana katika ukumbi wa kijiji, tunakunywa chai, tunabishana kuhusu maana ya jina letu, kisha tunapiga kura ya mikono. Hakuna upande uliowahi kushinda, maana kila mtu hujipigia mwenyewe. Bi Harriet, anayeitwa Mwavuli, huongoza mkutano kwa kugonga kikombe, na huwaita wasemaji kwa majina yao ya utani. Asiyekuwa nalo haitwi. Na asiyeitwa hasemi.

Kwa hiyo miaka yote hiyo Bi Denise alikaa pembeni karibu na birika kubwa lenye bomba, akitumiminia chai.

Kwani hakuwahi kukosea? Hapo ndipo palipokuwa na taabu. Tarishi huyu hakukosea. Barua ya Cobb Sufuria haikwenda kwa Cobb Supu hata siku moja. Gari halikuzama kwenye matope, kofia haikupeperuka, hakumsalimia mbuzi yeyote. Tulimwita Cobb wa Posta kwa kukosa la kumwita, na yeye alijua, kama sote tulivyojua, kwamba hilo ni jina la kazi. Siku akivua mfuko wa barua, jina litabaki na mfuko.

Alijaribu, masikini. Mwaka mmoja alivaa buti la kijani mguu mmoja na jeusi mguu wa pili, akapita mtaa wote. Watu walimwambia buti zake zimependeza. Mwaka mwingine alitumbukia bwawani mchana kweupe, mbele ya mabatamaji na umati wa watu. Alipotoka akichuruzika maji alitutazama mmoja mmoja, akingoja. Mzee Jumanne akatikisa kichwa.

"Hapana, Bi Denise. Hiyo umejitupa."

"Nimeteleza!"

"Umevua saa kwanza, mama. Nimekuona. Ya kupanga haihesabiki."

Tulicheka sana siku ile. Mimi niliacha kucheka asubuhi moja mwezi wa pili mwaka huu, tukiwa tunachambua barua ofisini, aliponiuliza bila kuinua kichwa.

"Ngazi, nikifa hapa mtaniandika nini kwenye jiwe?"

"Utaandikwa jina lako, dada."

"Cobb yupi?"

Akaendelea kupanga bahasha, kisha akaniambia kwamba mdogo wake Pauline amempatia nyumba ndogo huko Derby, na kwamba akistaafu atarudi. Alisema huko angalau ni mgeni kwa haki. Nikamwambia mawazo mazuri. Niliumia, na nikasema mawazo mazuri, maana hivyo ndivyo tulivyolelewa huku.

Sasa tuje kwenye meno.

Mzee Jumanne na Mzee Mbuzi hawakuwa wamekubaliana juu ya kitu chochote tangu ujana wao. Mmoja ni nguzo ya batamaji, mwingine ni nguzo ya ukuta. Wakikutana dukani husalimia muuzaji tu. Ila uzee hauna upande, na mwezi uliopita wote wawili walikuwa wamepeleka meno yao ya bandia kwa fundi mmoja mjini Dorchester yakatengenezwe. Yakarudi kwa posta, siku moja, vifurushi viwili vidogo. Kila kimoja kilikuwa na jina lake sawasawa.

Bi Denise alikuwa ametoka kuzungumza na Pauline kwenye simu kuhusu rangi ya mapazia. Akachukua vifurushi, akaendesha gari akiwa na mapazia ya Derby kichwani, akampa Jumanne meno ya Mbuzi, na Mbuzi akampa ya Jumanne. Akaondoka bila kugundua lolote.

Mtu wa kawaida angegundua mara moja. Lakini hawa ni akina Cobb, na Cobb hakubali kwamba kitu hakimtoshi. Jumanne alimwambia kila mtu kwamba fundi ameyaboresha, ingawa alipiga mluzi kila aliposema neno lenye "s". Mbuzi naye alisema yanahitaji kuzoeleka tu, akawa anakunywa uji na kuzungumza kama mtu aliyefungiwa mlango mdomoni. Wiki nzima maadui hawa wawili wa jadi walitembea kijijini, kila mmoja na meno ya mwenzake, wakijisifu.

Ikafika Jumapili ya Cobb. Ukumbi ulijaa. Bi Denise alikuwa kwenye birika lake, kwa mara ya mwisho kama tulivyodhani. Bi Harriet akagonga kikombe, akaita, "Jumanne!"

Mzee Jumanne akasimama kutetea batamaji. Akapiga mluzi. Akatabasamu kwa mbwembwe ili kuwaudhi watu wa Kilimani, na hapo Bi Edith, mke wa Mzee Mbuzi, akaweka sahani yake chini. Yale meno yana pengo dogo pembeni, ambalo fundi hakuliziba, la siku Mbuzi alipojaribu kuyafungulia chupa kwa ukaidi. Bi Edith amelitazama pengo hilo kila asubuhi kwa miaka.

"Arthur," alisema, "hebu tabasamu tena."

Akatabasamu.

"Hayo meno ni ya mume wangu!"

Mzee Mbuzi akayatoa yake, akayaangalia kwenye mwanga wa dirisha, akayasogeza mbali kidogo. "Basi haya," akasema bila meno, "ni ya nani?"

Nimehudhuria harusi na mazishi mengi hapa kijijini, na sijawahi kuona watu wakicheka namna ile. Kasisi ilibidi ashikiliwe. Wazee wenyewe walisimama uso kwa uso katikati ya ukumbi, kila mmoja ameshika meno ya mwenzake ndani ya leso.

"Wiki nzima, Walter!"

"Na wewe je? Nimekula vitunguu kwa hayo miaka yote!"

"Nimeonja, bwana! Nilidhani ni dawa ya fundi!"

Wakaangaliana, kisha wakaanza kucheka nao, midomo mitupu, wakishikana mabega.

Kwenye birika hakuna aliyecheka. Bi Denise alikuwa amesimama na mkono mdomoni, mweupe kama karatasi. Chai ilikuwa inamwagika, kikombe kimejaa na bomba li wazi. Akasema kwa sauti ndogo, "Ni mimi. Mimi ndiye niliyeyaleta. Nilikuwa nafikiria mapazia. Jamani, nisameheni." Akavua aproni. Naamini alikuwa anaelekea mlangoni, kisha stesheni.

Mtu wa nyuma, upande wa Zizini, akapaza sauti.

"We, Meno! Chai inamwagika!"

Ukumbi ukanyamaza. Hata aliyepiga kelele alinyamaza, kwa kusikia alichosema. Halafu mwingine akaitika upande wa Bwawani, "Meno! Funga bomba!" Na wa Kilimani, "Meno, mama, utatuzamisha!" Likazunguka ukumbi mzima, mabenchi yote, mpaka likarudi lilikoanzia.

Bi Denise alikuwa amesimama pale pale na aproni mkononi. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. Jumanne akamkazia macho kama alivyomkazia siku ile ya bwawani.

"Hii hukuipanga?"

"Wallahi sikuipanga," akasema, au neno la kwao Derby lenye uzito huo huo.

"Inahesabika."

Bi Harriet akagonga kikombe. Kisha akaita, kama alivyotuita sote tangu zamani.

"Meno! Una la kusema?"

Akasema. Alifunga bomba, akasimama wima, akazungumza kwa mara ya kwanza katika ukumbi ambao ameumiminia chai nusu ya maisha yake. Alieleza habari za babu wa babu yake, na tanuri, na alfajiri za Derby, na baba yake aliyekuwa akipasua skonzi katikati na kuwaambia watoto, hili ndilo jina letu, msilichezee. Skonzi lilipata kura tatu: yake mwenyewe na za wazee wawili ambao kwa wiki nzima walikuwa hawajaweza kutafuna hata skonzi moja. Ilikuwa mara ya kwanza watu wa Bwawani na Kilimani kuinua mikono kwa jambo moja.

Nyumba ya Derby amepewa mtu mwingine. Pauline amekasirika kidogo, lakini atakuja kwa likizo mwezi wa nane, na mapazia tayari yanaletwa huku.

Bi Denise, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako wa posta, tunakushukuru kwa kila mlango uliobisha na kila barua uliyoikinga mvua kwa koti lako mwenyewe. Tunakushukuru zaidi kwa ile mara moja uliyokosea. Uzee wako uwe mwema, mbwa wakuache, na mkate usikose mezani. Mfuko wa barua urudishe ofisini Ijumaa kabla ya saa kumi na moja. Jina ni lako.

Watakaopenda kumwandikia waandike hivi: Meno, Marlcombe. Itafika.