Aliyemimina Mawese kwenye Kikapu

Leo, tarehe 30 Juni 2006, Mwalimu Bonifasi anastaafu, baada ya kulitumikia ghala letu la chakula hapa Kasingirima kwa miaka thelathini na mmoja. Alianza kwa kubeba magunia, akapanda hadi karani. Mwaka 1997, wakimbizi walipokuwa wakivuka ziwa kila siku, yeye ndiye aliyekabidhiwa kompyuta, kwa kuwa sisi wengine tuliiogopa.

Akajifunza lugha ya kompyuta iitwayo C, akatunga programu ya kuchapa karatasi za mgao. Katika C kila kitu hutangazwa aina yake kwanza. Watu ni int, namba nzima, maana hakuna nusu mtu. Safu ya hema ni char, herufi moja. Mafuta ni float, namba yenye desimali. Bonifasi alitangaza vyote sawasawa, akateleza kwenye kuchapa: mafuta yalitaka alama ya %f, yeye akaweka %d, ambayo ni ya namba nzima.

Bi Marcelina, mjane kutoka ng'ambo aliyekuwa na watoto wadogo, alistahili lita 2.1. Karatasi yake ikatoka na mamilioni ya lita, yakitanguliwa na alama ya kutoa. Mkuu wa ghala, Mzee Abdulkarimu, akaisoma mara mbili, akaamua kwamba mama huyu ndiye anayetakiwa kutuletea sisi mafuta. Kompyuta haina njaa, alisema, sasa idanganye ili iweje? Watoto wakala maharage ya kuchemsha tu. Iliniuma, na bado inaniuma.

Kesho yake Bi Marcelina akarudi na chupa ya mawese, ujira wa kulima shamba la mtu huko Simbo. Akasema hiyo ni ya kuanzia, nyingine ataleta pole pole. Mzee Abdulkarimu akaipokea na kuigonga muhuri. Bonifasi alipoiona chupa ile alikimbilia kompyuta na kiatu kimoja mguuni, akabadilisha herufi moja, kisha akampelekea mama mgao wake hadi hemani na kumwomba radhi mbele ya watoto.

Tangu hapo wanafunzi wake wote, vijana aliowafundisha C hapa ghalani hadi tukamwita Mwalimu, wanajua kwamba kuchapa desimali kwa %d ni kumimina mawese kwenye kikapu. Hata chai ya ofisini tulilazimika kuitangaza aina yake kabla ya kuimimina.

Radhi nazo hakuacha kuziomba. Alikwenda hemani mara nyingi mno, mpaka padri akawafungisha ndoa. Leo Bi Marcelina amekaa kiti cha mbele na chupa ya mawese mapajani, akisisitiza kwamba deni la kompyuta halijaisha.

Asante, Mwalimu. Lipeni nyote wawili, chupa kwa chupa, bila haraka. Kwa mamilioni yaliyobaki, itabidi muishi sana.