Kayamba Hutikiswa kwa Mikono Miwili

Sogeeni karibu, wanangu. Kenga, keti huku kuumeni kwangu; Joy, simama hapo dirishani unikinge jua; na wewe, kaka Kiti, usijifanye umesinzia, maana haya nitakayosema yana jina lako ndani yake. Pumzi niliyobakiwa nayo ni kama mafuta ya mwisho kwenye chupa, sitaki kuyamwaga kwa kilio. Futeni machozi. Nimeishi, nimeimba, nimekaangia mahamri nusu ya watu wa Makadara, na sasa Bwana ananiita nikiwa kitandani mwangu, hapa hapa Ganjoni, nanyi mmenizunguka; mwenye kujaliwa haya akanung'unika, huyo ana kiu naye yumo majini.

Joy, karai ni lako, na meza yangu ya Makadara ni yako, na wateja wangu, hata wale wakali, ni wako. Iko asubuhi utaamka umechoka, na mbaazi za jana zitakutazama kutoka sufuriani zikikwambia, "Tutie tui jipya, nani atajua?" Zimwage, mwanangu. Mungu atajua, na tumbo la mteja litajua.

Lakini anayenizuia kufumba macho ni wewe, Kenga. Kifo sikiogopi, naogopa matanga yangu. Mtanipeleka nyumbani Kaloleni, wazee watakaa mkekani, pombe ya mnazi italetwa, mirija itapita mkono kwa mkono, na atatokea mtu mwenye huruma akushike bega: "Pole, mwanangu. Jaribu kidogo tu, upoze moyo." Lishikeni neno hilo, jaribu. Kila siku tunasali tusitiwe majaribuni, tukidhani majaribu yana pembe na mkia, kumbe huja yamevaa shati safi, yana sauti ya mjomba, na yakifika hujitaja yenyewe: jaribu! Na kidogo ndicho kiasi chao siku zote, kwani bandu bandu huisha gogo.

Si ndivyo, kaka Kiti? Kwenye matanga ya mama yetu ni wewe uliyempa Kenga, mpwa wako huyu, mrija wa kwanza, ndevu hajaota, ukamwambia mnazi ni maji ya mti. Nilikununia, nikawa naijibu salamu yako kwa pua. Leo naitua chuki hiyo hapa, safari yangu haitaki mizigo. Unacheka nini? Sijamalizana nawe.

Sikilizeni nilikojifunza. Fadhiya, jirani yangu wa zamani tulipopanga nyumba moja Ndia Kuu, kila Ramadhani akipika futari aliniita kwa sauti ya kuamsha mtaa, "Mejumaa! Shuka unionjee chumvi!" Siku moja nikamwuliza, "Shoga, si utie tone ulimini, uteme?" Akanijibu, "Kuonja naruhusiwa, lakini ulimi wangu naujua mimi. Huo ukionja mchuzi, utauliza sambusa ziko wapi!" Nami Kwaresima ilipofika, nilipoahidi kuacha sukari, bakuli la sukari nilimpelekea yeye alifiche, na nilipomwendea kwa hila, nikisema nina mgeni, alipanda juu kumtazama huyo mgeni. Yeye mwenye funga yake na mimi mwenye ubatizo wangu, hakuna aliyejidai shujaa. Aliyeujua ulimi wake alimwita jirani. Jifya moja haliinjiki chungu.

Nawe, Kenga, tangu Pasaka ya mwaka juzi, uliposimama mbele ya kanisa ukasema pombe basi, nimekuwa nikikunusa kila urudipo kama paka anayenusa kikapu cha samaki. Ikaja harusi ya Everlyne wa kwaya yetu. Mpiga kayamba hakufika, ukashikishwa lile la baba yenu, na nje kule vijana walikuwa na mnazi wao. Nilikungoja mlangoni, roho mkononi. Ukaja umelowa jasho, unacheka, "Mama, usininuse! Leo sikunywa. Sikupata mkono!" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mimi naongeza, mkono mtupu hupokea chochote.

Basi huu ndio wosia wangu. Kayamba lile ukutani ni lako. Wazee wakitaka mnazi, wanywe, mimi si hakimu wao. Lakini tangu nishushwe garini mpaka mgeni wa mwisho aage, mpiga kayamba ni wewe. Waimbaji wakichoka, wewe tikisa. Ukiwa na kiu, Joy akunyweshe maji kwa mkono wake kama mtoto, na atakayecheka acheke, matanga ya Mejumaa yasikose kicheko. Na mikono ikikulemea, usijitenge: mwite dada yako, mwite Fadhiya, atakuja na mdomo wake ule. Usione haya kuita. Anayezama kimya huzama peke yake.

Lishushe. Ndiyo, sasa hivi, nataka kulisikia. Eeh... hizo mbegu bado zina sauti. Taratibu kidogo, baba, moyo wangu umekuwa mzito wa kufuata. Hapo. Hapo hapo.

Mungu awape mikono isiyokosa kazi, na midomo isiyokosa wimbo. Joy, tui lako lisikatike. Kenga, kiu yako... ipate kisima chake. Msinizike kwa huzuni. Mnizike... kwa mdundo.

Nani huyo anapiga makofi? Sioni vizuri... Kaka Kiti? Wewe? Kwa mikono yote miwili?

Basi tikisa, mwanangu... usiache, hata nikinyamaza... Mjomba wako naye... leo hana mkono.