Msumari wa Nyuma ya Mlango: Kumuaga Bwana Protas Mukhisa na Kamera Yake

Kwa heshima na taadhima, uongozi na wafanyakazi wote wa Nyota ya Elgon Video, Kitale na Bungoma, wanautangazia umma kwamba msumari wa inchi tano uliopigiliwa nyuma ya mlango wa stoo ya Bungoma utakuwa wazi kuanzia saa kumi na moja jioni, Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2008. Wenye makoti na miavuli wapeleke maombi yao kwa maandishi.

Msumari huo hautaachwa wazi hivi hivi. Siku hiyo Bwana Protas Mukhisa, mpiga video wetu, anastaafu baada ya kutumika miaka ishirini na miwili, miezi saba na siku ishirini na nane. Anaondoka na Ndama, kamera iliyoning'inia kwenye msumari huo tangu tawi la Bungoma lifunguliwe mwaka 1992. Kwa hivyo tunaaga wafanyakazi wawili kwa keki moja.

Bwana Mukhisa aliajiriwa na Mzee Mohamud, mwanzilishi wa duka letu, mnamo Machi 1986, kuosha picha katika chumba cha giza kule Kitale. Alikaa gizani miaka mitatu bila kulalamika. Mwaka 1989 mtaalamu mmoja wa mbegu, aliyekuwa amemaliza mkataba na anarudi kwao, alimuuzia Mzee Mohamud kamera ya video ya kubebwa begani. Hata wakati huo haikuwa mpya. Ilikuwa ya bei ya watu wa kawaida, na ndani yake mlikuwa na kanda iliyosahauliwa: dakika arobaini za mahindi shambani.

Kanda hiyo ndiyo iliyokuwa chuo chake. Aliitazama jioni baada ya jioni, akijifunza mwanga unavyoingia kutoka kando na namna ya kuisogeza kamera taratibu toka mstari mmoja hadi mwingine. Wachunguzi wa mambo wanasema ndiyo maana mpaka leo Bwana Mukhisa anawapiga watu wakiwa wima, kwa mistari, na kuacha nafasi ya palizi.

Jina la Ndama lilitoka kwa akina mama wa soko la Bungoma. Walimwona akipita na ile kamera begani, kichwa chake kikichungulia mbele na waya ukining'inia nyuma, wakasema, "Huyo mzee analeta ndama yake kliniki." Yeye hakukanusha. Alimfuta Ndama vumbi kila Jumatatu na kumfunika kwa kitambaa cha meza. Mpira wa jicho ulipooza, alikata kipande cha tyubu ya baiskeli akakifunga pale. Mkanda wa ndani ulipolegea, fundi redio wa karibu na stesheni alitoa mwingine katika redio kaseti iliyokufa. Mwaka 1999 kitasa cha mlango wa kanda kilivunjika, nacho hakikupata dawa. Tangu hapo mlango huo umefungwa kwa kidole gumba cha kulia cha Bwana Mukhisa. Wengine wetu tumejaribu kuushika. Ukibana sana kanda inakwama, ukilegeza inakurukia kifuani. Yeye peke yake ndiye ajuaye kipimo, na kila tukimwuliza kipimo ni kipi, anatuonyesha kidole.

Wasomaji wenye umri wanakumbuka kwamba miaka ile kamera ya video ilipomgeukia mtu wa kwetu, mtu huyo aliganda. Alinyoosha mikono, akafunga mdomo na kusubiri kupigwa picha. Bwana Mukhisa naye alisubiri. Baada ya dakika nzima alisema, "Tayari," na familia ikashusha pumzi. Ndiyo sababu kabati letu lina mamia ya saa za wakazi wa Bungoma na Trans-Nzoia wakiwa wamesimama kimya, majani ya migomba yakitikisika nyuma yao kuthibitisha kwamba hii ni video. Aliwahi kuulizwa kwa nini hawaambii kwamba wanaweza kusogea. Akajibu kwamba hakuna aliyeuliza.

Utaratibu wake wa pili uliifaa biashara kuliko tangazo lolote. Kabla ya harusi hakuuliza habari za bibi harusi. Aliuliza mashangazi ni wangapi, wanaitwa nani, na nani amekosana na nani. Kila shangazi alipigwa peke yake, na zawadi yake, kuanzia kichwani hadi viatu. "Bibi harusi atapigwa na kila mtu," alituambia. "Shangazi yuko na mimi pekee."

Mambo yaliendelea hivyo mpaka Januari 2006, Bwana Naim, mwana wa Mzee Mohamud, aliporudi kutoka Nairobi na kamera mbili za kidijitali. Zilikuwa nzuri kweli, tusidanganyane. Kila moja ilitosha kiganjani kama nusu mkate, na picha zake zilikuonyesha nyuzi za shela. Picha za Ndama, kwa upande mwingine, zina nyekundu inayovuja kama leso mpya kwenye maji ya kwanza. Bwana Naim alisimama mbele ya ule msumari, akamtazama Ndama kwa huruma, akauliza, "Mzee Protas, hii ni kamera ama ni jiko?"

"Inategemea unataka kupika nini, bosi," akajibiwa.

Lakini hayo hayakuwa mzaha mtupu. Bwana Naim alitangaza kwamba kuanzia Mei mosi Ndama angepelekwa kwa mnunuzi wa vyuma kuukuu, na Bwana Mukhisa angehamia kaunta kukata picha za pasipoti kwa makasi. Alikuwa amebakiza miaka miwili na nusu astaafu. Alimshusha Ndama, akamfuta vumbi, ingawa ilikuwa Alhamisi. Sisi tuliozoea Jumatatu tukajua ameumia.

Mzee Mohamud, aliyekuwa ameshaacha kazi lakini hajaacha kuamua, akatoa hukumu. Kulikuwa na harusi Sirisia, Jumamosi ya baada ya Pasaka. Bibi harusi, Vivian, alitoka kwa wakulima wa mlimani upande wa Elgon. Bwana harusi alikuwa wa hapo hapo Sirisia. Ndama na moja ya kamera mpya waende. Kanda zote mbili waonyeshwe wenye harusi. Watakayoichagua ndiyo itakayobaki na kazi, pamoja na anayeishika.

Siri moja ya Ndama ni kwamba anakula stima ya volti kumi na mbili, kama ya gari. Betri yake ya asili ilikufa zamani, basi Bwana Mukhisa alimwunganisha na betri ya pikipiki, ile iliyofungwa isiyomwaga maji, ambayo inamtosha kutwa nzima. Mwenzetu Cheptoo, wakati huo msaidizi wa taa, ndiye aliyekuwa akiibeba, na aliona njia rahisi ni kuifunga mgongoni kwa leso. Betri ina kilo tatu na robo, uzito halali wa mtoto. Asubuhi hiyo pale kanisani akina mama walimzunguka.

"Huyu mtoto mbona halii?"

"Amelala, mama."

"Ati amelala na hii kelele ya kwaya? Si unionyeshe uso tu, kidogo."

"Ana mafua," akasema Cheptoo, akarudi nyuma mpaka urefu wa waya ulipoishia.

Bwana Naim alianza vizuri sana. Shida yake ya kwanza ilikuwa kwamba hakuna aliyejua anafanya nini. Mtu aliyebeba Ndama anapishwa. Watu wa kwetu wanaheshimu mzigo. Mtu aliyeshika nusu mkate alionekana kama mgeni aliyekuja mapema kutafuta chakula, na mara mbili mzee wa kanisa alimwelekeza nje kwenye sufuria. Shida yake ya pili ilitoka Bungoma: stima ilikuwa imepotea usiku wa Ijumaa, na alikuwa amefaulu kuchaji betri moja tu. Hiyo moja ilihudumia maandamano ya kuingia, kwaya tatu, na utambulisho wa wageni mmoja mmoja hadi diwani mstaafu. Kisha askofu akasimama, akasema ana mambo matano.

Katika jambo la tatu, kamera mpya ilizima.

Jengo lile halikuwa na stima hata ya kuchaji simu. Viapo vilikuwa baada ya mahubiri. Bwana Naim aliitoa ile betri, akaipuliza, akaipasha moto kwapani, akairudisha. Haikumsikiliza. Bwana Mukhisa alikuwa amekaa kwenye benchi, Ndama magotini, hajapoteza hata dakika moja ya kanda kwenye mahubiri. Anaamini, na kumbukumbu za duka zinamuunga mkono, kwamba hakuna mteja aliyewahi kurudi kuomba nakala ya mahubiri.

Askofu alipofika jambo la tano, Bwana Mukhisa aliinuka. Umati ukapasuka wenyewe kumpisha. Akasimama hatua mbili kutoka kwa maharusi, kidole gumba mlangoni, Cheptoo na mtoto wake nyuma, na akachukua viapo vyote, kuanzia "mimi" ya kwanza hadi machozi ya baba wa bibi harusi, ambayo mwenyewe bado anayakana.

Hapa inafaa kumpa Bwana Naim haki yake. Wengine wangenuna. Yeye aliweka kamera yake mfukoni, akamwendea Cheptoo, akasema, "Leta hiyo betri ukakule." Akafungwa leso ya maua mgongoni, akamfuata mzee wake uwanjani mchana kutwa, zawadi hadi zawadi, shangazi hadi shangazi. Akina mama walipomwona walipiga vigelegele kuliko walivyompigia bwana harusi. "Kumbe baba ya mtoto ndiye huyu! Na amekubali kubeba!"

Wiki mbili baadaye familia zote mbili zilikusanyika Sirisia kutazama, na jenereta ya kukodi. Kanda ya Bwana Naim ilitangulia. Watu walisifu shela. Walisifu maua. Kisha Shangazi Nasimiyu, mkubwa wa mashangazi wa upande wa bwana harusi, aliyekuja na sufuria sita kichwani toka barabara kuu, akauliza, "Na mimi niko wapi?" Kanda ikafika jambo la tatu la askofu, ikaisha.

Ikawekwa ya Ndama. Nyekundu ikavuja kama kawaida. Viapo vikasikika, na baba wa bibi harusi akatoka nje kidogo kuangalia jenereta. Kisha akatokea Shangazi Nasimiyu, kichwa hadi viatu, sufuria sita, amesimama tuli dakika nzima, hata kope hazichezi. Akajitazama mpaka mwisho.

"Haya," akasema. "Hapo niko."

Kura haikupigwa. Bwana Naim alirudi Bungoma na Ndama mapajani, akamtundika kwenye msumari kwa mikono yake mwenyewe. Picha za pasipoti zimeendelea kukatwa na mwandishi wa ukurasa huu. Kamera mpya zilipewa kope, pete na keki, kazi zinazozifaa, na Ndama akabaki na viapo na mashangazi. Mpango huo haujabadilika tangu 2006, wala hatujarudishiwa kanda hata moja.

Bwana Mukhisa anatuachia mengi. Amemfundisha Cheptoo kazi yote, na kuanzia Jumatatu yeye ndiye mkuu wa tawi la Bungoma. Anatuachia daftari la mashangazi, lenye majina na ugomvi wao, ambalo litafungiwa kwenye sefu. Anatuachia pia lile fundisho ambalo hakuwahi kulitamka: kamera nzuri ni ile inayowaka wakati watu wanasema "ndiyo", na haidhuru ilinunuliwa lini.

Kuhusu zawadi, wafanyakazi tulichanga tukampa hiari: ndama wa kweli, jike, wa maziwa, au yule wa msumarini. Alichagua wa msumarini kabla hatujamaliza sentensi. Mkewe, Mama Noah, alikuwa amekaa kando yake, naye akahamisha kiti chake hatua mbili. Ili kulinda ndoa ya watu, Bwana Naim ameongeza yule wa maziwa.

Limebaki jambo moja. Tulipoandaa jalada la programu hii tulitafuta picha ya mstaafu. Tulipekua kabati lote, miaka ishirini na miwili. Tulipata kivuli chake juu ya nyasi katika harambee ya 1997. Tulimpata ndani ya kioo cha saluni mwaka 2003, Ndama amemfunika uso. Na tulipata kiwiko. Kiwiko mnachokiona kwenye jalada ni chake. Mama Noah amekithibitisha. Mtu aliyehakikisha hakuna shangazi wa mtu aliyesahaulika hayumo katika kanda hata moja.

Kwa hivyo tumepanga kwamba leo, kwa mara ya kwanza, Bwana Mukhisa atakaa kiti cha mbele, mikono mitupu. Cheptoo atampiga kwa kamera mpya, kichwa hadi viatu, dakika nzima. Tunamwomba atulie.

Bwana Mukhisa, asante kwa bega lako, kidole chako na subira yako. Tunakutakia wewe na Mama Noah siku njema huko nyumbani kwenu Sirisia, mahindi yaliyosimama kwa mistari, maziwa ya kutosha, na ibada zenye jambo moja tu.

Tumepigiwa simu kutoka Bungoma wakati ukurasa huu ukipelekwa kwa mpiga chapa hapa Kitale. Stima imepotea tangu Jumatano na kamera mpya zote mbili hazina chaji. Sherehe itarekodiwa na Bwana Mukhisa.