Tarsis Mwalongo na Muhtasari wa Pili

Wapo mbele yenu, hapa Kitandililo, Oliva, mjane wa marehemu, Lidia na Fidelis, watoto wake, Teodora, dada yetu, na mimi Anderson Mwalongo, kaka yake, niliyepewa kazi ya kusoma wasifu wake.

Tarsis alizaliwa tarehe 3 Mei 1956 hapa Kitandililo, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1964 hadi 1970, akafanya kazi stesheni ya reli Makambako kuanzia 1977 hadi alipostaafu 2016, na tarehe 16 Oktoba 1982 alifunga ndoa na Oliva, wakajaliwa Lidia, 1984, na Fidelis, 1987.

Mwaka 2021 alianza kuchanganyikiwa, akawa anasinzia mchana, akimwita Oliva kwa jina la mama yetu, na watu wakamtania njiani, "Shikamoo mzee, ulanzi wa leo mkali!", ingawa pombe aliiacha mwaka 1988. Tarehe 12 Februari 2022 kikao cha ukoo, chini ya uenyekiti wangu, kiliamua kwamba hana tena akili ya kugawa shamba lake, likabidhiwe lote kwa Fidelis, na muhtasari niliuandika mimi.

Lidia hakukubali, akampeleka baba yake hospitali ya Ikonda, ambako Daktari Severini alieleza kwamba ini limeharibika, ndiyo maana sumu itokanayo na vijidudu vya utumbo inafika kichwani, akampa dawa ya maji ya kulainisha choo, na vidonge vya antibayotiki inayobaki utumboni bila kuingia sana kwenye damu. Ini halikupona. Lakini baada ya wiki tatu Tarsis alikuja kwangu kwa miguu, akasema, "Kaka, nisomee ule muhtasari." Nilimsomea, akasahihisha mipaka miwili niliyoikosea, akacheka, "Sasa mwenye akili nani? Andika mwingine." Niliandika, ekari nne za Fidelis, ekari nne za Lidia, na Fidelis mwenyewe alishika kamba ya kupimia. Kikao kile kilikosea, nami nilikiongoza.

Miaka mitatu iliyofuata alipanda maparachichi na Lidia, na msimu huu yamezaa kwa mara ya kwanza, akayaonja.

Tunamshukuru Daktari Severini na wauguzi wake, majirani waliomsindikiza Ikonda kila alipohitaji, na wastaafu wenzake wa reli. Mdogo wangu, upumzike kwa amani.

Tarsis Mwalongo alifariki dunia Jumatatu, tarehe 8 Septemba 2025, saa mbili asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na akili timamu.