Mama Syombua na Karai la Kalunde

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kutunyima raha ya kukaa, Mama Syombua Nzomo anastaafu tarehe 30 Septemba 1998. Hospitali yetu ya misheni hapa milimani Mbooni itabaki na viti vingi, maana mbele yake hakuna aliyethubutu kuvikalia kwa starehe.

Alizaliwa Ikutha, akaja hapa mwaka wa 1965 kufua mashuka. Wakubwa walipoona anavyowanyanyua wagonjwa bila wao kulia, wakampeleka Nairobi kusomea mazoezi ya viungo. Aliporudi alipewa chumba kilichokuwa stoo ya viazi. Vifaa havikuwapo, kwa hiyo alijaza mchanga katika mikebe ya mafuta ya kupikia, akaifunga kamba, na wagonjwa wakaanza kuinua. Mikebe miwili ipo hadi leo, na ole wake atakayeitupa.

Hata Daktari Njogu hakusalimika. Alipovunjika kifundo cha mguu akicheza voliboli, alijificha chumba cha kufulia ili akwepe mazoezi. Alisahau kwamba Mama Syombua anakijua chumba hicho kuliko mtu yeyote. Alitolewa humo akiwa amejifunika shuka. Daktari ametuomba tusiandike habari hii, na tumemsikia.

Lakini kazi tutakayomkumbuka nayo ni ile ya Kalunde, mkazi wa Kikima hapa jirani aliyekuwa akiuza ndengu soko la Emali, ambaye ameruhusu tuieleze na akasisitiza jina lake lisifichwe. Kalunde ana virusi vya UKIMWI. Alipopimwa, wenzake wa mwethya, kile kikundi cha kina mama wanaolimiana mashamba kwa zamu, hawakumkimbia. Walimpenda mno. Walimchotea maji, wakampikia, wakamlimia, wakamkataza kuinua hata sufuria. Mwaka mzima Kalunde alikaa kwenye mkeka, akazidi kukonda. Kisha siku moja mwaka wa 1994 alijikwaa kizingitini pake, na kwa kuanguka huko kudogo akavunjika nyonga.

Picha ya eksirei niliipiga mimi. Mfupa ulikuwa kama hindi lililotobolewa na fukusi. Daktari Njogu alieleza kwamba bado hatujui yote ambayo virusi hivi huifanyia mifupa, lakini ugonjwa na kukonda vilikuwa vimeipunguza, na kukaa kukaongezea. Kalunde alilala wodini wiki nyingi, mguu ukivutwa kwa kamba na vizito. Alimwambia Mama Syombua kwamba kufa hakumsumbui. Kilichomuuma ni kulimiwa bila kulima, kana kwamba wenzake walikwisha kumzika. Alitaka zamu yake.

Mama Syombua alimsimamisha kwa magongo, akamzungusha uani kila asubuhi juani, akambana jikoni hadi akala maharagwe na kunywa maziwa yake yote. Mguu ulipopata nguvu, Kalunde akabeba jembe, wakaenda pamoja kwa mwethya. Kavata, kiongozi wao, alikataa katakata. Akivunjika tena, lawama itakuwa ya nani? Jibu la Mama Syombua bado linarudiwa sokoni Kikima: “Nyinyi munamumaliza na huruma. Mupeeni kazi kidogo kidogo, mimi nitasimama hapo na yeye.”

Akasimama kweli. Kila Alhamisi, baada ya wagonjwa wa asubuhi, alipanda hadi kwenye matuta ya kukinga udongo ambayo kina mama walikuwa wakichimba. Kalunde alianza kwa kupanda nyasi ukingoni, kisha akabeba mbegu. Siku alipoinua karai la udongo, dogo, lisilojaa nusu, kina mama waliacha kuimba kwa hofu. Mama Syombua alitembea pembeni yake mikono ikiwa tayari, bila kumgusa. Karai lilifika. Kavata akauanzisha tena wimbo, na Kalunde akarudi kuchota jingine. Niliposimuliwa nililia, na sioni haya kusema hivyo.

Ugonjwa haujatoka, wala hatutadanganya mtu. Ila Kalunde hajavunjika tena, na tangu siku ile hakuna anayemlimia bure. Wagonjwa wengine wenye virusi nao sasa hutolewa vitandani mapema, na Mama Syombua amewafundisha wauguzi wetu vijana kazi hiyo hadi tunaamini haitalegea.

Mama, umejenga Kikima, na mwethya wameamua Alhamisi ijayo wachimbe matuta shambani mwako. Tumesikia umeomba kigoda, eti magoti yanauma. Ombi lako tulilifikisha kwa Kalunde, naye amelikataa. Anasema utaanza na nusu karai, na atatembea pembeni yako.

Asante kwa kutusimamisha sote. Nenda ukaishi vyema, ule matunda ya shamba lako, na Mungu akuzidishie nguvu. Alhamisi usichelewe.

Kivuva, chumba cha eksirei, kwa niaba ya wafanyakazi wote