Dirisha la Chumba cha Vidonda

Mgeni rasmi, pamoja na uongozi wa hospitali mliofuatana naye,

Karibuni. Sisi wafanyakazi wa kliniki ya vidonda tumefurahi kuwaona, ingawa jana hatukulala vizuri. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi tuna la kuponywa.

HISTORIA

Mashine ya plazma baridi ililetwa kwetu kwa majaribio. Hupitisha gesi ya agoni kwenye umeme, ukatoka mwali mwembamba wa zambarau usiounguza. Mwali huo ukikutana na hewa huzaa chembe kali za oksijeni na nitrojeni, na hizo ndizo zinazoua vijidudu vya kidonda. Aliyekabidhiwa mashine hiyo ni muuguzi tunayemwita Mama Bendeji.

MAFANIKIO

Mgonjwa wake wa kwanza ni mzee mmoja, fundi cherehani mwenye kisukari, aliyepangiwa kukatwa mguu anaokanyagia cherehani.

"Mwanangu, jiko lako hili hata chai halichemshi," alimtania.

"Babu, hili halipiki. Linafukuza wapangaji."

Kidonda kimekauka usaha na kimeanza kuota nyama. Daktari wa upasuaji ameahirisha kukata. Hajafuta, ameahirisha.

CHANGAMOTO

Chumba kina dirisha moja. Likiwa wazi, upepo huyumbisha mwali na chembe hutawanyika kabla ya kufika kidondani. Mama Bendeji alilifunga, kisha akaziba nyufa zake kwa plasta za vidonda, maana ndicho kitu tunachojua kuzibia. Tulimsifu. Kosa ni letu sote.

Mojawapo ya chembe hizo ni ozoni. Kidondani, kwa muda mfupi, inasaidia. Ikijaa chumbani inachoma mapafu. Harufu yake tuliisikia, kama ya fotokopi iliyofanya kazi kutwa, tukaizoea. Mgonjwa hutibiwa akaenda zake, Mama Bendeji hubaki. Alipoanza kukohoa alisema ni mafua. Tulipombana alijibu, "Nikisema, watachukua mashine. Babu atakanyaga cherehani kwa mguu gani?"

Nasi tuliogopa hivyo hivyo. Aya hizi mbili hazikuwemo kwenye risala iliyopitiwa na uongozi.

MAOMBI

Tunaomba feni ya kutolea hewa nje, ifungwe mbali na mwali, na kifaa cha kupimia ozoni. Hadi vipatikane, mashine tumeizima wenyewe asubuhi hii, kwa hiyo onyesho lililo kwenye ratiba yako halitakuwepo. Tunaomba isihamishwe. Fundi cherehani anarudi kwa daktari wa upasuaji wiki ijayo.

Mgeni rasmi, aliyepangwa kukusomea haya ni Mama Bendeji. Tulipofanya mazoezi hakuweza kumaliza sentensi bila kukohoa. Yuko kwenye benchi la nje, na fundi amekaa naye. Ukitoka utawapita.

Mwenyezi Mungu akujalie pumzi ndefu, na wepesi wa kutenda.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Kliniki ya Vidonda