Taratibu na Wimbo wa Saba

Nyumbani kwa marehemu, wengine wote wakiitwa waliitika; yeye alisubiriwa. Ulipomwita, kilikuja kwanza kimya cha kutosha kumenya kitunguu, ndipo ikafuata "naam" kutoka chumba ambacho hukumtarajia. Tangu Jumanne kimya hicho hakina mwisho. Mkewe bado humwita, akasubiri kidogo, kisha akakumbuka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1973, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi viatu na mama muuza maziwa. Alichelewa kuzaliwa, akachelewa kusema, na dada yake mkubwa akampa jina la Taratibu. Jina likamganda; hata mwajiri wake alilitumia.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, 1980 hadi 1986, kisha sekondari, halafu chuo cha ufundi alikohitimu umeme mwaka 1994. Kwenye kwaya ya shule mwalimu alimwomba afungue mdomo tu bila kutoa sauti, kwa kuwa kila ubeti aliuingia wenzake wakiwa wameshatangulia. Alitii. Mama yake, aliyekaa mstari wa mbele, aliwaambia watu kuwa sauti ya mwanawe anaisikia waziwazi.

Kuanzia 1995 alikuwa fundi wa lifti, kazi aliyoifanya hadi alipougua. Alipenda kuwa ndani ya shimo la lifti, ambako, alisema, sauti huchukua muda kuondoka. Tarehe 12 Desemba 1998 alimwoa mshonaji wa magauni ya harusi, wakajaliwa mabinti wawili.

Sasa ile albamu. Familia imejadiliana sana iandikwe vipi, na haikuafikiana. Mwaka 2011 marehemu alitengeneza albamu ya roki yenye nyimbo tisa, akaiita Kabatini. Hakuwa na kampuni yoyote nyuma yake. Gitaa alilipiga sebuleni. Sauti aliirekodi ndani ya kabati la nguo, katikati ya makoti yake na magauni ya wateja wa mkewe, kwa sababu nguo humeza mwangwi. Jumapili moja mchana, akiwa kwenye wimbo wa saba, pindo la gauni la bibi harusi lilinasa mlangoni, kabati likabaki wazi kidogo. Ndani ya wimbo huo anasikika mkewe kutoka jikoni: "Baba watoto, chakula kinapoa." Halafu tena. Halafu, "Haya, basi," na mlio wa sahani ikifunikwa. Marehemu anaendelea kuimba.

Mpiga besi, rafiki yake wa chuoni, alimwambia, "Futa hapo, bwana. Shemeji anaita watu mezani, sisi tunalia."

"Acha ikae," alijibu Taratibu.

Albamu haikufika mbali, lakini ilikofika ilikaa. Vijana waliandika kuwa wimbo wa saba umewaliza. Mtangazaji mmoja wa redio alieleza kwa uhakika kabisa kuwa ile ni sauti ya marehemu mama wa msanii, akimwita kutoka ahera. Mama huyo alikuwa kwake, anasikiliza huku akimenya viazi. "Mimi nipo," aliijibu redio. "Na ningekuwa mimi, ningeingia humo kabatini na mwiko."

Mkewe hakujua awajibu nini waliokuja na hongera zao. Wengine walimwambia amependwa hadi kutiwa kwenye muziki. Kaka mkubwa wa marehemu alisema mume asiyeitika ni mume asiyeitika, awe na gitaa au asiwe nalo. Mke mwenyewe alitaka kujua jambo moja tu: mumewe alisikia, au hakusikia? Kila alipouliza, miaka yote hiyo, aliambiwa, "Ni wimbo tu, mama watoto."

Januari 2024 marehemu alianza kukonda, na mwezi uliofuata madaktari wakakuta saratani ya kongosho. Mkewe alihamishia cherehani chumbani ili ashone akiwa karibu naye. Hapo, mchana mmoja wa Aprili, aliuliza tena.

"Siku ile ulinisikia?"

"Nilikusikia. Mara zote."

"Mbona hukuitika?"

Alichukua muda wake. "Ningeitika, ungenyamaza."

Mkewe aliendelea kushona. Ametuomba tuyaandike maneno hayo kama yalivyo, kwa sababu hajajua bado kama yanamfurahisha au yanamuudhi, na hataki tumwamulie. Mpiga besi anasema hayo ni mapenzi. Kaka mkubwa anasema chakula kilipoa. Wote wawili wako hapa leo, na wamebeba jeneza upande mmoja.

Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 21 Mei 2024, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Anaacha mama mzazi, mke, mabinti wawili, mkwe mmoja na ndugu wanne. Mungu ampokee na kumtuliza, atutulize na sisi tuliobaki na maswali.

Analazwa leo, Jumamosi, kando ya baba yake, kaburi la pili kutoka ukuta wa mashariki.